Kikapu cha Bi Swabaha

Kikapu chenyewe hakikuwa na ajabu. Kilikuwa cha ukili, cha kwendea sokoni, mshikio wake mmoja umeshonwa kwa uzi wa nyavu. Kilitundikwa msumarini nyuma ya mlango wa nyumba ya Bi Swabaha, Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu, katika kichochoro ambacho leo kina maduka matatu ya vinyago na hakina jirani anayemjulia jirani hali. Siku hizo kichochoro kilikuwa cha watu. Timu ya Nanga, timu ya makuli wa bandarini, iliweka kambi katika nyumba hiyo kila ilipokabiliwa na mechi kubwa. Wachezaji ishirini walilala mikekani ghorofani, na Bi Swabaha, mjane asiyejua hata kadi nyekundu ni adhabu ya kosa gani, aliwapikia kwa mkono wake na kuwafokea kama wanawe.

Desturi ya kikapu ilianza kwa msiba wa Odera. Odera alikuwa kipa wa Nanga, Mjaluo mrefu, mwendeshaji kreni. Asubuhi ya siku ya fainali aliletewa telegramu: mwanawe wa kwanza amefariki huko kwao Siaya. Akakataa kuketi nje. Alisimama golini akitazama mbele kama mtu anayengoja gari moshi, na mabao matano yakampita. Hakuna aliyemlaumu. Lakini jioni ile Bi Swabaha aliwakusanya uani akawaambia, "Maiti haikimbii. Habari ya kifo yaweza kungoja dakika tisini, na ya harusi vilevile. Tangu leo barua ikija hapa itapita kwangu." Akatundika kikapu.

Basi ikawa hivyo. Timu ikishaingia kambini, barua, telegramu, hata salamu za mdomo, vyote viliishia mlangoni. Mechi ikimalizika, kikapu kiliteremshwa na kila mmoja akapewa chake mbele ya wenzake, ili ikiwa ni msiba, watu ishirini wawepo wa kumshika. "Habari ikiingia kambini, mpira hutoka," walisema, na hawakusema kwa mzaha.

Kitsao Mwaro aliijua desturi hiyo kwa mwili wake. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni aliyekuja kisiwani akiwa na miaka kumi na minne, akabeba magunia Mbaraki, akaonekana akipiga danadana kwa chungwa wakati wa mapumziko, na kabla hajaota ndevu akawa kiungo wa Nanga, namba sita mgongoni. Hakuwa na mbio wala kimo. Alikuwa na shingo. Kabla mpira haujamfikia alikwisha kutazama kulia na kushoto, na ulipofika alijua utakwenda wapi. Mwaka wa themanini na tatu babake alifariki siku ya Ijumaa, na habari ikakaa kikapuni hadi Jumamosi jioni. Nanga walishinda. Kitsao alipotoka uwanjani akiwa amebebwa mabegani, alimkuta Bi Swabaha amesimama na mkoba wa nguo zake, na gari la mizigo limekwisha kukodiwa. Wachezaji wote walipanda wakiwa na jezi zao, wakaenda kumzika mzee yule usiku huohuo kwa taa za karabai. Kitsao hakuona kwamba amenyimwa kitu. Aliona amepewa ndugu.

Ndugu hao leo wako wapi? Kazi ya kuli ilichukuliwa na mashine. Kiwanja cha Mbaraki, ambapo watu wazima walivua viatu kabla ya kukanyaga mstari, kimejaa makontena yaliyopandiana. Bi Swabaha alikufa, wanawe wakauza nyumba, na Nanga ikafa kwa namna ya aibu kuliko zote: haikufungwa na mtu, ilikosa tu watu wa kuja mazoezini. Kitsao, ambaye goti lilikwisha kumtoa uwanjani na ambaye alikuwa kocha wa timu hiyo kwa miaka kumi na minne, alikwenda kiwanjani Jumanne moja akawakuta wachezaji watatu, wawili wao wakitazama simu. Akawaambia waende nyumbani. Alipopita Mji wa Kale akaomba kile kikapu kwa mjukuu wa marehemu, aliyekuwa karibu kukitupa. Akakitundika kwake Majengo, mkewe Priscah akakitumia kuwekea vitunguu.

Alifundisha timu za mitaani na za shule. Alikuwa akifundisha timu moja ya mitaani pale simu ilipopigwa kutoka Nairobi. Kocha Mzungu wa timu ya taifa alikuwa ameondoka asubuhi moja bila kuaga, katikati ya mechi za kufuzu, na shirikisho lilitaka mtu wa haraka asiye na madai mengi. Walimchukua Kitsao kama mtu anavyochukua mwavuli wa jirani mvua ikimshika njiani. Lakini Mombasa haikuyajua hayo. Mombasa ilijua tu kwamba kuli wa Mbaraki amekuwa kocha wa taifa, na Majengo nzima ikaja kumpa mkono.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa Nicanor. Huyu alikuwa Mkamba wa Kibwezi aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini, akibadilisha njia za magari moshi, na tangu ujana wake hakukosa mechi ya Nanga hata moja. Hakuwahi kucheza mpira. Alikuwa shabiki wa namna ambayo haiko tena, anayejua goti gani la mchezaji linauma. Alimshika Kitsao mikono yote miwili.

"Namba Sita, sasa naweza kufa," alisema. "Binti yangu Ndinda ni karani huko huko kwenye shirikisho. Mtume kama wako. Akikosa, mpige, usiniulize."

"Sitampiga, Bwana Nicanor. Atanipikia chai tu."

"Hajui kupika chai. Hilo nakuonya mapema."

Priscah akamwaga vitunguu, na kikapu kikaenda Nairobi.

Wachezaji wa taifa walicheka, kama ilivyotarajiwa. Walikuwa na viatu vya bei ya ng'ombe, na wengine walicheza ng'ambo. Jeremy, winga, kijana mwepesi wa miguu na ulimi, alikishika kikapu akakizungusha mkononi.

"Kocha, leo twaenda sokoni? Uniletee nyanya mbili."

"Utazipata Jumapili, ukifunga," Kitsao akamjibu. "Tia simu yako humo."

Walitia. Mechi ya kwanza walishinda, na ya pili, na hapo vicheko vikageuka kuwa imani. Magazeti yaliandika habari za kikapu cha kocha. Wachezaji walianza kuzitia simu wenyewe bila kuambiwa, na baadhi yao walisema wamelala usingizi ambao hawakuwahi kuulala tangu utotoni. Kitsao aliandika barua kwa Priscah, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika barua, akamwambia kwamba ya kale hayajafa, yalikuwa yamelala tu.

Ikabaki mechi moja, nyumbani, siku ya Jumapili. Ushindi ungewavusha. Ijumaa alasiri, wakiwa kambini katika hoteli nje ya jiji, Ndinda alikuja na bahasha. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwenye adabu za nyumba za reli: aliongea akiwa amesimama na hakumkatiza mtu mzima. Mkubwa wake ofisini ndiye aliyeifunga bahasha ile, akamwambia ampe kocha mkononi, kisha yeye akapanda ndege kwenda mkutanoni.

"Kocha, shikamoo. Nimetumwa hii. Imeandikwa ni ya haraka."

Kitsao alikuwa akichora mistari ubaoni. Hakugeuka. Alinyoosha kidole tu kuelekea mlangoni, ambapo kikapu kilining'inia.

"Ni ya haraka, kocha," alirudia.

"Ndinda. Babako hakukwambia? Kambini haisomwi barua."

"Aliniambia."

"Basi?"

Ndinda akaitia kikapuni, akaaga, akaenda zake.

Jumapili walishinda mabao mawili kwa bila, na moja lilikuwa la Jeremy. Katika chumba cha kubadilishia nguo kikapu kiliteremshwa huku watu wakiimba, kila mtu akachukua simu yake, na chini kabisa ikabaki bahasha. Kitsao aliingia nayo chooni. Barua ilitoka makao makuu ya mpira wa bara, na ilikuwa na mistari sita. Ilisema kwamba Jeremy ana kadi mbili za njano, moja ya zama za yule kocha Mzungu na moja ya mechi iliyotangulia, na kwamba haruhusiwi kucheza mechi ya Jumapili.

Aliisoma mara tatu. Nje walikuwa wakiliimba jina lake. Aliichana vipande vidogo, akavitia chooni, akavuta maji, akangoja tangi lijae akavuta tena. Labda hakuna atakayejua, alijiambia. Kisha akatoka akacheza nao.

Wapinzani walijua. Kabla wiki haijaisha walikwisha kulalamika, ushindi ukafutwa, timu ikatolewa mashindanoni. Nchi ilitaka mtu wa kula lawama. Watu watatu waliowekwa kuchunguza waliketi nyuma ya meza na kuita mmoja baada ya mwingine. Mkubwa wa Ndinda alisema alimpa Ndinda bahasha. Ndinda alisema aliipeleka, akaitia kikapuni kwa amri ya kocha. Kisha akaitwa Kitsao.

"Mzee, hii habari ya kikapu," mmoja wao alianza, na mwenzake akainamisha uso kuficha tabasamu. "Tuelewe vizuri. Karani anasema barua kutoka makao makuu ya mpira wa bara zima ilitiwa kwenye kikapu cha sokoni. Ni kweli?"

Tabasamu lile ndilo lililofanya kazi. Kitsao aliliona, na papo hapo akayaona magazeti ya kesho: mshamba wa pwani, kikapu chake cha mboga, nchi nzima imeangamia kwa ushirikina wa makuli. Akamwona Bi Swabaha akichekwa na watu wasiostahili kumwoshea sufuria. Alikuwa na nafasi ya kueleza habari za Odera na telegramu, za gari la mizigo lililojaa jezi. Nani chumbani mle angesikia?

"Kikapu ni cha simu za wachezaji," alisema. "Barua sikuipokea."

Neno moja. Wazee wetu walisema jeraha la kisu hupona, la ulimi haliponi, na sisi tukadhani ni maneno ya kukariri tu.

Ndinda alikuwa amekaa kwenye benchi varandani. Alisimama Kitsao alipotoka. Hakupiga kelele wala hakulia. Alisema tu, "Kocha, wewe mwenyewe ulinionyesha kikapu."

"Utapata kazi nyingine, mwanangu. Wewe bado mdogo," alimwambia, akaenda zake na goti lake.

Ndinda alifukuzwa. Magazeti yalisema aliificha barua. Redio zikasema alipewa kitu na wapinzani ili aifiche, na mara uvumi huo ukawa habari. Aliporudi Mombasa, Nicanor alimngoja mlangoni akamuuliza swali moja: kwa nini umemfanyia Kitsao hivi? Ndinda akajibu kwamba Kitsao amesema uongo. Hakuimaliza sentensi ya pili. Babake alimtoa nyumbani kwa maneno ambayo majirani wa Tudor wanayakumbuka hadi leo. Mamake, Mutanu, alikufa mwaka uliofuata, na Ndinda akamzika mamake akiwa amesimama nyuma pamoja na watu wa mtaani, kama mpita njia.

Naye Kitsao uongo wake ulimnunulia miezi saba. Alifungwa mechi nne mfululizo, akafutwa kazi kwa simu iliyodumu dakika mbili. Kikapu hakukirudisha. Alikiacha hotelini, na Priscah alipouliza kilipo akasema kimeliwa na panya.

Miaka saba ikapita hivi. Majengo ilimsamehe kushindwa, kwa kuwa ilikuwa imemwamini juu ya barua. Vijana walimwita Kocha. Alipewa kiti kwenye harusi na matanga. Kila Ijumaa Nicanor alimpigia simu wazungumzie mpira, na hawakumtaja Ndinda hata siku moja.

Kisha asubuhi moja Kitsao alikwenda Mbaraki kumwona mtu juu ya mipira ya shule, akapita penye madereva wa malori wanaongoja foleni ya bandari. Mwanamke aliyewauzia chai na mahamri chini ya turubai aliinua uso.

"Shikamoo, Kocha."

Alikuwa na miaka thelathini na moja na alionekana wa arobaini. Kitsao aliitika marahaba. Angeweza kuvumilia matusi. Hii heshima hakuwa na pa kuiweka.

"Ndinda. Wewe uko hapa?"

"Mwaka wa nne sasa. Kaa, nikupe chai. Nilijifunza kupika." Alimwekea kigoda. Dereva mmoja akasema, "Mama, huyu ndiye yule kocha wa taifa?" naye akasema, "Ndiye," akafuta meza.

Madereva walipopungua alikaa mbele yake.

"Baba ni mgonjwa," alisema. "Sukari. Wamemkata mguu, na sasa figo. Dada yangu Janet ndiye anayemtunza. Daktari amemwambia Janet ni habari ya wiki, si miezi. Nimekwenda mara mbili. Mara zote amegeukia ukutani."

Kitsao akashika kikombe.

"Sikuombi uende redioni, mzee. Kazi sitarudishiwa, na nchi haikumbuki hata ilicheza na nani. Nataka baba anitazame kabla hajafa. Basi. Hakuna neno analoliamini ulimwenguni ila lako."

"Nitakwenda," Kitsao alisema.

"Lini?"

"Wiki hii."

Alirudi nyumbani akamweleza Priscah yote, kwa mara ya kwanza. Walikuwa wameketi uani, Priscah akichambua mchicha. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na kazi.

"Miaka saba," alisema. "Miaka saba umegaagaa kitandani, na mimi nikikusugua kwa mafuta ya nazi nikidhani ni goti."

"Niliogopa kuchekwa, mama."

"Ulichekwa?"

"La."

"Haya. Mwenzio je?"

Wiki ile hakwenda. Ilinyesha. Wiki ya pili kulikuwa na matanga Kisauni. Ukweli ni kwamba Nicanor alipiga simu Ijumaa ile kama kawaida, kwa sauti iliyokwisha kuwa nyembamba, akataka kujua maoni yake juu ya kiungo mpya wa taifa. Kitsao alitoa maoni yake, na kwa nusu saa alikuwa tena Namba Sita. Hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani wa kumfanya hivyo. Akimweleza ukweli, angemkuta nani tena upande wa pili wa simu?

Siku ya ishirini na mbili Priscah alimwekea shati lililopigwa pasi juu ya kitanda. "Baba Rosebella, leo hakuna mvua," alisema, "wala hajafa mtu Kisauni." Kitsao akampitia Ndinda Mbaraki, wakaenda pamoja Tudor. Ghorofa ya pili, Ndinda alibaki nje kwenye ngazi. Janet aliufungua mlango, akamtazama dada yake juu ya bega la Kitsao, na baada ya kumpitisha mzee hakuufunga. Aliusindika tu.

Nicanor alikuwa amelala kwenye kochi karibu na dirisha, shuka limelala bapa mahali pa mguu wa kushoto. Alikuwa amenyauka, lakini macho yake yaling'aa.

"Nimekusikia ukipanda," alisema. "Bado goti lile. La kushoto."

"La kushoto."

"Mimi langu la kushoto wamelitupa hospitali. Sasa kwa wawili wetu tuna miguu miwili na nusu. Kaa. Janet, mpe mgeni chai."

"Sitakunywa kwanza," Kitsao alisema. "Nicanor, nimekuja na neno. Ile barua niliipokea."

"Barua gani?"

"Ile. Ndinda aliniletea Ijumaa, nami nikamwambia aitie kikapuni. Niliisoma baada ya mechi. Mwanao hakuficha kitu wala hakupewa kitu. Mbele ya wale watu nilisema uongo, kwa kuwa niliogopa kuchekwa. Ni mimi."

Alikuwa ameyarudia maneno hayo njia nzima, na sasa yalikuwa yametoka yote bila kukwama. Alingoja. Alijiandaa kutukanwa, hata kupigwa kwa mkongojo ulioegemea kochi.  Midomo ya Nicanor ikafunguka taratibu, ikawa tabasamu.

"Nilimwambia Janet utakuja siku moja na neno kama hili," alisema. "Muulize."

"Nicanor..."

"Ngoja. Themanini na moja nilikuwa nimekaa nyuma ya goli. Ronald, mlinzi wenu wa kulia, alimpiga mwamuzi kofi kwenye msongamano. Nilimwona kwa macho yangu haya. Wakauliza ni nani aliyepiga. Aliyeinua mkono ni wewe. Ulifungiwa miezi sita kwa kofi la Ronald, kwa sababu mkewe alikuwa mja mzito na yeye alikuwa kibarua, angefukuzwa kazi. Au si wewe?"

"Ni mimi."

"Basi."

"Lile lilikuwa lile. Hili ni jingine. Hapa ni mimi niliyefanya."

"Hata siku ile ulisema hivyo. 'Ni mimi niliyefanya.' Kwa sauti hiyohiyo, umeinamisha kichwa hivyohivyo."

 Katika maisha yake yote Kitsao alitenda jambo moja la kiungwana mbele za watu, nalo sasa lilikuwa limesimama mlangoni likimzuia kupita.

"Nakuapia," alisema.

"Usiape, Kitsao. Usilitie jina la Mungu kwenye dhambi ya mwanangu. Barua yenyewe iko wapi?"

"Niliichana."

"Ehe." Nicanor alifumba macho, ametosheka, kama mtu aliyeona mpira ukienda mahali alipojua utakwenda. "Watu wa namna yako wamekwisha. Ndiyo maana nchi imeoza. Umetoka Majengo na goti lile, ukapanda ngazi zote hizi, umbebee mtoto wa mtu mzigo wake. Namba Sita ni Namba Sita."

"Nicanor, nisikilize, mimi si mtu huyo."

"Yuko nje?" mgonjwa aliuliza.

"Yuko nje."

Nicanor aliugeuza uso wake ukutani, polepole, kwa sababu kila kitu sasa alikifanya polepole.

"Mwambie umemwombea, nami nimekusikia. La kwanza labda ningelisamehe, maana kifo chalainisha mtu. Lakini kumchukua mzee mwenye heshima zake, amlete mbele ya kochi langu ajiseme uongo kwa ajili yake, hilo limezidi la kwanza. Aende. Wewe kaa, chai yaja."

Kitsao alikaa. Alijaribu tena kwa maneno mengine, akaeleza rangi ya bahasha, akaeleza mistari sita. Kadiri alivyoeleza ndivyo mkono wa mgonjwa ulivyopigapiga shuka kwa upole, kama anavyobembelezwa mtu aliyefiwa. Hatimaye mkono ukatulia, akawa amelala. Janet alisimama na trei, chai imepoa. Alimtazama Kitsao na hakuna aliyejua kama yeye ameamini au la. Yeye mwenyewe huenda hakujua.

Nje, Ndinda alikuwa ameegemea ukuta, kanga ameishika kwa mikono miwili kifuani. Mlango ulikuwa umesindikwa tu. Kitsao alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza mtu yule wa shingo hakuona kulia wala kushoto pa kuupeleka mpira.

"Nimesikia yote, mzee," Ndinda alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayerudi kwenye kazi yake. "Umechoka. Nenda nyumbani." Kisha, Kitsao alipokwisha kushika ukuta ateremke, akasema tena, "Angalia hapo chini. Ngazi ya tatu imevunjika."